Waya wa 2.5 unabeba ampea ngapi? Niambie kwanza unalala wapi

Kwenye begi langu la kazi, pamoja na testa na bisibisi, natembea na kipande cha waya chenye urefu wa kidole. Kilikuwa chekundu siku kiliponunuliwa. Sasa kina rangi ya tende kavu, na ukikikunja kidogo ganda linapasuka na kudondoka kama ganda la yai la kuchemsha. Nilikitoa juu ya dari ya nyumba moja Mbagala, nyumbani kwa mama anayeoka keki za harusi.

Mama aliniita kwa sababu ya harufu. "Fundi, kila Ijumaa nikishaoka kama saa mbili tatu hivi, nasikia harufu ya ndala inayoungua. Nazima oveni, nanusa, haitoki kwenye oveni." Breka haikuwahi kushuka hata siku moja. Taa hazikuwa zinafifia. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Aliyefunga ule waya hakuwa tapeli. Aliweka waya wa 2.5, yaani milimita za mraba 2.5 ukiukata kichwa, wa shaba halisi. Oveni ilikuwa na kibati nyuma kilichoandikwa 5.5 kW, yaani wati 5,500, ambayo kwa volti 230 ni ampea 24 kasoro kidogo. Na ukimuuliza fundi yeyote Kariakoo 2.5 inabeba ngapi, wengi watakwambia 24, na kwenye jedwali 24 ipo kweli. Hesabu ikafungwa hapo. Kosa ni kudhani kwamba ile 24 ni mali ya waya, unatembea nayo popote utakapoupeleka. Ni namba ya waya uliolazwa mahali fulani, kwenye joto fulani. Ukiuhamisha mahali, namba inabadilika.

Namba ya jedwali ilipotoka

Umeme ukipita kwenye shaba, shaba inapata joto. Joto hilo halipandi sambamba na mkondo, yaani ampea zinazopita: mkondo ukiwa mara mbili, joto linalozalishwa linakuwa mara nne. Shaba yenyewe haijali, kwa sababu kuyeyuka kwake ni zaidi ya nyuzi 1,000. Kinachokufa ni ganda. Nyaya za kawaida za nyumbani zina ganda la plastiki ya PVC, lililotengenezwa livumilie nyuzi joto 70 mfululizo kwa miaka mingi. Likivushwa hapo haliungui siku hiyo hiyo. Linakauka, linakuwa gumu, linaanza kupata nyufa, mpaka siku shaba mbili zinapogusana.

Waliotunga majedwali, yale ya IEC 60364 na yale ya Uingereza, BS 7671, ambayo mafundi wengi wa huku tumefundishiwa, walijiuliza swali moja: waya huu ukiwa mahali penye nyuzi 30, nipitishe ampea ngapi ufike nyuzi 70 na usivuke? Jibu ndilo likaandikwa. Kwa hiyo ndani ya ile 24 ya waya wa 2.5 kuna masharti yaliyojificha: hewa ya nyuzi 30, bomba la kupitishia nyaya lisilo na sakiti nyingine (sakiti ni njia moja ya nyaya yenye breka yake), na nafasi ya kupanda nyuzi 40.

Sasa panda juu ya dari Mbagala saa nane mchana, Februari, bati linawaka juu ya kichwa. Nilipanda na kipimajoto, kikasoma 50. Ampea 24 zinaupandisha waya nyuzi 40 juu ya joto la mahali ulipo. Hamsini na arobaini ni tisini. Ganda la nyuzi 70 lilikuwa linapikwa kwenye 90 kila Ijumaa. Kweli oveni ina kidhibiti kinachokata na kurudisha moto, ila siku ya kazi mlango unafunguliwa kila mara na waya haupati mapumziko ya maana.

Namba za kuanzia

Anza na mzigo, usianze na waya. Tafuta kibati cha kifaa, soma wati, gawa kwa 230. Birika la wati 2,000 ni ampea 8.7. Pasi ya 1,200 ni 5.2. Heta ya kuogea ya 5,500 ni 24, sawa na oveni ya mama. Kwa kifaa chenye mota, kama pampu, friji au kiyoyozi, usigawe. Soma ampea zilizoandikwa kwenye kibati, kwa kuwa mota inavuta zaidi ya hesabu ya wati.

Kisha angalia jedwali. Hizi ni za nyaya za shaba zenye ganda la PVC, ndani ya bomba ukutani, umeme wa fezi moja, ule wa kawaida wa nyumbani, mahali penye nyuzi 30:

1.5 — ampea 17.5
2.5 — ampea 24
4 — ampea 32
6 — ampea 41
10 — ampea 57
16 — ampea 76

Ukibana kebo moja kwa moja juu ya ukuta bila bomba, inapumua vizuri zaidi: 2.5 inafika 27, na 6 inafika 47. Hata hivyo sipendi kuzitegemea hizo ampea za ziada. Keshokutwa mtu atakuja kuweka kabati mbele ya ule ukuta.

Halafu punguza

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Joto la mahali likiwa 35, zidisha namba ya jedwali kwa 0.94. Likiwa 40, kwa 0.87. Likiwa 45, kwa 0.79. Likiwa 50, kwa 0.71. Na likiwa 60, kwa 0.50, yaani nusu ya waya uliolipia imepotea.

Usizikariri kama sala, elewa zinakotoka. Kwenye nyuzi 50 waya umebakiwa na nafasi ya kupanda nyuzi 20 tu badala ya 40. Nafasi ya joto imekatwa nusu. Na kwa kuwa joto linakwenda kwa mraba wa mkondo, mkondo haukatwi nusu, unashuka mpaka kama saba ya kumi. Ndiyo hiyo 0.71. Ukilishika hili utaweza kujikadiria hata siku huna jedwali mfukoni.

Kwa nyumba za Dar, Tanga au Mtwara, ukutani mimi nahesabu 35, na juu ya dari chini ya bati nahesabu 50 bila kubembeleza. Njombe kwenye baridi mambo ni mengine kabisa. Huko namba ya jedwali ukutani unaichukua kama ilivyo.

Punguzo la pili ni la majirani. Sakiti zikilala pamoja kwenye bomba moja, kila mmoja anampasha mwenzake. Zikiwa mbili zidisha kwa 0.80, tatu kwa 0.70, nne kwa 0.65. Nimeshakuta bomba moja limebeba sakiti sita, zimesokotwa mle mpaka hata kuvuta waya mmoja huwezi, na hapo ni 0.57. Fundi amejiokolea mabomba mawili, mwenye nyumba amepoteza karibu nusu ya uwezo wa kila waya alionunua. Punguzo hili lina maana pale sakiti zote zinapobeba mzigo mkubwa kwa wakati mmoja. Za taa za LED zisikunyime usingizi.

Turudi kwa mama. Waya wake ulikuwa 2.5, ampea 24. Chini ya bati: 24 × 0.71 = 17. Na kwenye bomba lile lile kulikuwa na sakiti ya soketi za jikoni, zenye friji, birika na mashine ya kuchanganyia unga: 17 × 0.80 = 13.6. Waya wenye uwezo wa ampea 13.6 ulikuwa unabebeshwa 24. Na nyuzi 90 nilizotaja zilikuwa kabla ya kumhesabu jirani.

Nilimpa mama njia mbili. Ya kwanza, bomba jipya juu ya dari, oveni peke yake. Jaribu 4: 32 × 0.71 = 22.7, haitoshi. Jaribu 6: 41 × 0.71 = 29.1, inatosha. Ya pili, bomba lishuke lipite ukutani upande wa kivuli, mahali pa nyuzi 35. Hapo 4 inakuwa 32 × 0.94 = 30, inatosha vizuri, na roli la waya wa 4 ni nafuu kuliko la 6. Njia utakayopitisha waya ni sehemu ya bei ya waya. Mama hakutaka ukuta aliotoka kuupaka rangi uguswe, nikapitisha 6 juu ya dari.

Breka inalinda waya, hailindi oveni

Breka ya zamani ilikuwa 32. Hiyo ndiyo sababu haikushuka. Mpangilio ni huu: ampea za mzigo ziwe chini au sawa na za breka, na za breka ziwe chini au sawa na za waya baada ya kupunguza. Mzigo 23.9, breka 25, waya 29.1. Kila moja imekaa chini ya inayofuata. Kwa mama ilikuwa 23.9, kisha 32, kisha 13.6.

Na usidhani breka ya 32 inakata ikifika 32. Breka za nyumbani, kwa kiwango cha IEC 60898, hazitakiwi kukata chini ya mara 1.13 ya namba yake hata ikipita saa nzima, na zinalazimika kukata ndani ya saa moja zikifika mara 1.45. Maana yake ya 32 inaweza kukaa na ampea 36 siku nzima ikiwa imetulia, na kwenye 46 bado ina ruhusa ya kuvumilia karibu saa. Ndiyo maana sikubali kamwe ule ushauri wa mtaani kwamba breka ikishuka-shuka uweke kubwa zaidi. Inashuka kwa sababu inakwambia jambo kuhusu waya.

Kuna fundi atauliza: mbona soketi za mzunguko, zile ambazo waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote na kurudi kwenye breka ile ile, zinafungwa 2.5 na breka ya 32? Ni sawa, kwa sababu mkondo unagawanyika njia mbili. Lakini mzunguko ukikatika mahali pamoja, labda mtu kabadilisha soketi na kusahau kuunga waya mmoja, soketi zote zitaendelea kuwaka kama kawaida huku upande mmoja ukibeba kila kitu. Hutajua. Mimi kwa nyumba za kawaida nafunga njia moja isiyorudi, 2.5 na breka ya 20, na nikiona sakiti inapita juu ya dari naipandisha iwe 4. Angalia mwenyewe: 2.5 juu ya dari ni 17, na breka ya 20 tayari imeizidi.

Umbali una deni lake

Mkuranga kuna bwana mmoja ana pampu ya kisima mita 90 kutoka kwenye meni swichi. Kibati cha pampu kinasema ampea 10. Waya wa 2.5 kwa ampea 10 hauna tatizo la joto hata kidogo, na hivyo ndivyo alivyofungiwa. Pampu ikawa inanguruma bila kuzunguka, hasa jioni umeme ukiwa mdogo, na alishabadilisha kapasita, ile inayoisaidia mota kuamka, mara mbili.

Hapa kinachopimwa ni volti zinazopotelea njiani. Kila waya una namba yake, kwa ampea moja na mita moja ya njia, kwenda na kurudi vikiwa vimeshahesabiwa: 1.5 unapoteza milivolti 29, 2.5 unapoteza 18, 4 unapoteza 11, 6 unapoteza 7.3, na 10 unapoteza 4.4. Zidisha kwa ampea, zidisha kwa mita, gawa kwa 1,000.

Kwa 2.5: 18 × 10 × 90 ÷ 1,000 = volti 16.2. Mwisho unaokubalika kwa soketi na mashine ni asilimia 5 ya 230, yaani volti 11.5, kwa taa ni asilimia 3, yaani 6.9. Imepita. Kwa 4 zinapotea 9.9, inakubalika, lakini nilimshauri 6, inayopoteza 6.6. Mota ikiamka inavuta mara tano au sita ya ampea zake kwa muda mfupi, na ndipo waya mwembamba unapoinyima nguvu. Tulifukia kebo ya 6 yenye ngao ya chuma, na kapasita ya pili ndiyo iliyopo hadi leo.

Kwenye njia fupi, chini ya mita 20 hivi, hesabu hii pitia haraka tu. Kwa oveni ya mama, mita 14 za waya wa 6, zinapotea volti mbili na nusu.

Hakikisha 2.5 ni 2.5

Hesabu zote hizi ni bure kama roli ulilouziwa linadanganya. Natembea na venia, kipimo cha unene. Waya wa 2.5 wenye nyuzi saba za shaba ndani unatakiwa kila uzi uwe na kipenyo cha milimita 0.67. Zidisha 0.67 kwa 0.67, kisha kwa 0.785 (robo ya pai, ya kupata eneo la duara), kisha kwa 7: unapata 2.47. Nimewahi kupima roli lililoandikwa 2.5 nikakuta uzi ni 0.60. Hesabu yake inatoka chini ya 2. Muuzaji aliponiona natoa venia alianza kunitafutia roli jingine kabla sijasema neno.

Wizi mwingine ni alminiamu iliyopakwa shaba. Nje nyekundu, ndani nyeupe. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja mpaka ndani, uangalie kwenye jua. Alminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, na kwenye skrubu za breka inalegea kadiri miaka inavyokwenda. Njia nyingine ni mzani: mita 100 za waya wa 2.5 zina kilo 2.2 za shaba peke yake, kabla ya kuhesabu ganda. Roli zima likiwa na kilo moja na nusu, lirudishe. Alama ya TBS, shirika la viwango, itafute, ila isikuzuie kukwangua.

Waya wa ekstensheni nao una namba, imeandikwa kwa herufi ndogo mgongoni mwake. 3×0.75, yaani nyaya tatu za 0.75 kila mmoja, ni ampea 6. 3×1.0 ni ampea 10. 3×1.5 ni ampea 16. Plagi ina fyuzi ya 13, kwa hiyo fyuzi haitaukoa ule wa 0.75 ukichomeka birika na pasi pamoja, ambavyo ni karibu 14. Na ile ya kuviringisha kwenye gurudumu, ivute yote nje kabla ya kuitumia kwa mzigo mkubwa. Ikiwa imeviringwa kila duara linampasha jirani, ni yale yale ya sakiti sita kwenye bomba moja.

Siku ya kufunga

Kazi ndani ya meni swichi ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ukiwa mwenye nyumba, mwombe akuonyeshe hesabu hizi kwenye karatasi, anayezijua hatakasirika. Ukiwa fundi, zima, kisha jaribu kwa testa hata kama umezima mwenyewe. Waya wa nyuzi nyingi usikate nyuzi ili uingie kwenye tundu la breka. Nimekuta 6 imepunguzwa nyuzi tatu kati ya saba ili itoshe, na pale penye nyuzi nne ndipo paliposhika moto. Kaza skrubu, vuta waya kwa mkono, kaza tena.

Kwa mama tulimaliza Alhamisi jioni. Ijumaa nilirudi saa tisa alasiri, oveni ikiwa na trei tatu ndani. Klampu, kipimo cha ampea kinachouzunguka waya, ilisoma 23.3, maana volti zilikuwa 224. Nilipanda juu ya dari nikashika bomba jipya: lilikuwa na joto lile lile la mabomba mengine ya pale juu. Ndani ya mlango wa meni swichi nikaandika kwa wino usiofutika: Oveni, breka 25, waya 6, bomba peke yake, usiongeze.

Kile kipande cha waya wa zamani kilikuwa kirefu zaidi siku hiyo. Mama alikishika, akakikunja, ganda likamdondokea mapajani. Akaniuliza kama ninaweza kumwachia nusu ampelekee mdogo wake anayejenga Chanika, ambaye fundi wake bado hajapandisha nyaya darini. Nikachukua pulaizi nikamkatia.